Chenji ya Rada

Imeenea miongoni mwetu dhana, ambayo hata wasomi huipokea pasipo kuitia mizani, kwamba msaada wa mataifa tajiri ni ihsani, na kwamba huruma ya serikali yoyote kwa mafukara wa dunia yaweza kupimwa kwa fungu la pato lake inalolitoa. Umoja wa Mataifa ulikiweka kipimo hicho mwaka 1970, nacho ni asilimia 0.7 ya pato la taifa. Uingereza ikakitia katika sheria mwaka 2015, kisha mwaka 2021 ikateremka hadi 0.5, na vilio vikasikika huku na huko. Vilio hivyo vina haki, maana chanjo na dawa zilizonunuliwa kwa fedha hizo zimeokoa roho za watu. Lakini kipimo chenyewe kina dhuluma, kwa kuwa kinauhesabu mkono utoao peke yake, wala hakiulizi mkono wa pili umeshika nini.

Umeshika rada. Mwaka 2001, mwaka ule ule Tanzania iliposamehewa sehemu kubwa ya madeni yake kwa sababu ya ufukara, serikali ya Tony Blair iliipa kampuni ya BAE leseni ya kuiuzia nchi hiyo hiyo rada ya pauni milioni 28, kwa fedha za mkopo, ilhali waziri wake mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, akiipinga biashara hiyo, na Benki ya Dunia nayo ikiilaumu. Baraza ni moja: huku lafuta deni, huku laidhinisha jipya. Walioinunua walikuwa viongozi wetu, wala siwaondolei lawama. Lakini atakaye kuujua ukarimu wa London na aanzie katika ofisi ya leseni, si katika ofisi ya misaada.

Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba haikuweka sawasawa hesabu za biashara ile, ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, nasi kwa lugha yetu ya sokoni tukaziita chenji ya rada. Jina hilo lina elimu kuliko hotuba nyingi, kwani chenji hudaiwa, haiombwi, na aipokeaye hapigi magoti. Fedha zilikabidhiwa mwaka 2012, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa leseni alikuwa amekwisha kulimaliza la saba kitambo.