Mbogi isiyombeba mwenzako ni ya nini?

Kuna Jumamosi moja nilishinda mchezo na nikapoteza mtu wa kucheza naye. Wacha niwaeleze vile ilienda, manze, kwa sababu naona wengi wenu mnaunda mafungu ya kadi vile mimi nilikuwa naunda, halafu mnasema ni ya kusaidia timu.

Mchezo ni The Lord of the Rings: The Card Game, ule wa Fantasy Flight uliotoka 2011. Hapa hampigani nyinyi kwa nyinyi. Mko upande mmoja, na adui ni fungu la kadi linalojiendesha lenyewe: majitu, buibui, misitu ya kupotea. Kila mchezaji ana mashujaa wake, hadi watatu, na namba ya tisho inayopanda kila raundi. Ikifika 50, uko nje.

Fungu langu ni la mbogi. Leadership tupu: Aragorn, Théodred na Glóin mbele, na nyuma yao washirika wa bei ya chini, wengi. Snowbourn Scout kwa doo moja, Guard of the Citadel kwa mbili. (Kitabu kinaziita rasilimali, sisi ni doo tu.) Halafu Faramir anaingia kwa nne, na hapo ndio utamu. Unamlaza, unachagua mchezaji, na kila mhusika wa huyo mchezaji anaongezewa nia 1 hadi awamu iishe. Ukiwa na watu wanane safarini hiyo ni nane ya bure. Nilikuwa najibamba vibaya sana.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu yeye ni Tactics: Legolas, Gimli, Thalin. Watu wa vita. Nia yao ukiijumlisha yote ni 4, kwa hivyo safari waachie wengine. Tukagawana kazi: mimi nisukume safari, yeye azuie maadui.

Siku hiyo tulicheza Journey Along the Anduin. Kama hamjawahi kukutana na Hill Troll, pole mapema. Anapiga kwa 6, ana uhai wa 9, na anamfuata yeyote ambaye tisho lake limefika 30. Sisi wote wawili tulianza na 29. Raundi ya pili tu, jamaa akamshukia jirani. Na ile janja ya kumtupia mtu mdogo afe badala yako haifanyi kazi kwake: dhara linalobaki baada ya huyo mdogo kufa linageuka kuwa tisho. Jirani alimkinga na Gondorian Spearman mara mbili, na kila mara akapanda 4.

Sasa mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa na washirika kumi na mmoja mezani. Steward of Gondor ilikuwa kwa Aragorn, inaleta doo mbili za ziada kila raundi. Kadi hiyo ni ya kipekee, ikishawekwa hakuna mwingine mezani anayeweza kuweka yake. Jirani alikuwa ameshika kadi nzuri mkononi na hana za kuzilipia. Mimi nilikuwa na doo saba zimekaa tu. Na hii ndio inaniuma: nilikuwa na Sneak Attack pamoja na Gandalf. Kwa doo moja Gandalf anaingia, anampiga adui yeyote dhara 4, kisha anarudi mkononi. Yaani karibu nusu ya uhai wa yule jitu. Mimi nikamtumia kupunguza tisho 5. Langu.

Jirani akafika 50 akatoka. Nikaendelea peke yangu kama dakika arobaini hivi, nikamaliza. Kanuni zinasema mmoja akifika mwisho, wote wameshinda. Nikamwambia, "Buda, tumewin!" Akasema, "Umewin," akachukua chaja yake akapanda ngazi. Jumamosi mbili hakuonekana.

Najua kuna mtu atasema ni mchezo tu, na fungu likifanya kazi linafanya kazi. Sawa. Lakini tuhesabu. Mashujaa watatu wanaleta doo tatu kwa raundi. Mimi na Steward na Théodred nilikuwa napata sita, na kufikia raundi ya tano mkono wangu ulikuwa karibu umeisha. Zile mbili za Steward kwangu zilikuwa za kulala. Kwake zingetoa tatu zikawa tano, na Tactics yenye doo tano humlazi jitu moja, unalaza mawili.

Na Steward inawekwa kwa shujaa yeyote, hata wa mwenzako! Iko kwenye kadi. Nilikuwa nimeisoma mara mia.

Kwa hivyo siku hizi Steward inaenda kwa Gimli. Théodred akiingia safarini anampa doo shujaa mmoja aliye safarini, basi jirani anamtuma Thalin, anachukua hiyo doo, na kila adui anayefunuliwa anakula dhara 1 kabla hajakaa vizuri. Aragorn naenda naye safarini, nalipa doo moja anasimama tena, kisha anamkinga jirani kwa sababu ana Sentinel. Snowbourn Scout nimebakisha wachache. Necromancer's Reach ikifunuliwa, kila aliyelazwa anapigwa 1, na mbogi ya watu wenye uhai wa 1 inafagiliwa yote mara moja. Guard ana 2, anabaki.

Faramir bado namtumia kwangu, siwadanganyi. Walio wengi wako kwangu, na safari ni kazi yangu.

Jirani alirudi baada ya mimi kupanda kumgongea, nikiwa na chapo za mathe. Hatukuongea mengi kuhusu ile siku. Jumamosi hii tuko watatu, dadake naye ametaka kujaribu, na tunaingia Escape from Dol Guldur. Huko kadi zinachagua shujaa mmoja wa mtu, anafungwa gerezani kabla hata hamjaanza. Nimeshawaambia: atakayefungiwa wake, Steward ni yake.