Masizi si kiungo

Mchoma nyama wa stendi ya Same akikuambia jiko halisuguliwi kwa sababu utamu umo kwenye masizi, mkatalie. Mimi humkatalia, ndiyo maana siongezewi kachumbari.

Utamu unatoka kwa mbuzi, chumvi na makaa yaliyokolea. Masizi ni mafuta ya wiki iliyopita yaliyoungua. Yakipata moto tena hutoa moshi mchungu unaoganda kwenye nyama, na yakizidi huwaka yenyewe. Majivu nayo yakilala jikoni hunyonya unyevu, yakachanganyika na chumvi iliyodondoka, yakala bati taratibu. Halafu lawama anabebeshwa fundi! Kule juu milimani majivu huzolewa mafigani kabla ya kuwasha moto mpya, na sijasikia mtu akilalamika kwamba makande yamepoteza ladha.

Sugua wavu ungali na moto, kwa brashi ya waya, kisha upitishe nusu ya kitunguu. Kagua pia: uzi wa brashi ukibaki kwenye wavu utamezwa na mteja. Dakika kumi tu. Anasema hana muda, na pikipiki yake, pale pembeni, inang'aa kama kioo.