Mguu Hufanyiwa Mazoezi, Maneno Huachwa

Desemba 2018, serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri. Kila moja ilikuwa na sababu yake. Machakos ilikuwa na majeruhi wengi. Nyeri ilichukuliwa kwa ajili ya magonjwa yasiyoambukiza, presha na sukari zikitangulia. Na presha ndiyo mama wa kiharusi. Kaunti iliyotambuliwa hivyo mbele ya taifa zima ilipaswa kuwa ya kwanza kujiuliza: aliyenusurika kiharusi atarudi vipi kwenye mazungumzo ya nyumbani kwake? Kuanzia Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya hadi Chuka, anayetoka wodini na mguu uliopooza huambiwa arudi kliniki kwa mazoezi ya viungo. Aliyepoteza maneno, mara nyingi, huambiwa asubiri, yatarudi.

Wanaotetea kusubiri wana nusu ya ukweli. Katika miezi ya mwanzo ubongo hujiponya kwa kiasi fulani, na baadhi ya maneno hurudi yenyewe. Lakini takriban thuluthi ya wanaopata kiharusi hupata afasia, yaani kupotewa na lugha, na wengi hubaki nayo kwa miaka. Nchini Ujerumani, watafiti waliwachukua watu 156 waliokuwa wameishi na afasia nusu mwaka au zaidi. Wengine walipewa tiba ya usemi ya angalau saa 10 kwa wiki, kwa majuma matatu. Wengine wakangoja zamu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet, yalionyesha waliotibiwa wakizungumza vizuri zaidi katika mambo ya kila siku. Waliongoja hawakusonga mbele mpaka nao walipotibiwa. Kwa hiyo hata aliyenyamaza tangu mwaka jana hajachelewa.

Madhara ya kutotibu hayaishii mdomoni. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Tangu hapo tunajua kwamba maneno yanaweza kuondoka na akili ikabaki. Mzee mwenye afasia anaweza kufuata yote yanayosemwa sebuleni, lakini akitaka chai hutoka "jembe". Mbaya zaidi, hukusudia "la" akajikuta amesema "ndiyo". Fikirieni hilo siku familia imeketi kugawana shamba na hatimiliki iko mezani. Ukimya wake huchukuliwa kuwa wehu, na "ndiyo" yake huchukuliwa kuwa idhini. Huo ni udhalimu, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudhulumu.

Wako pia wanaotamka vizuri lakini mazungumzo yamewashinda. Mwendesha bodaboda aliyeumia kichwa hutoka hospitalini akiongea bila kukwama, hivyo watu hudhani amepona. Kumbe husahau mwanzo wa kisa kabla ya kukimaliza, hukatiza wenzake, hawezi kushika maagizo matatu kwa mpigo. Kazi humtoka, kisha marafiki, na sifa anayopewa ni ya ukorofi. Tiba yake ni mafunzo ya kumbukumbu, umakini na mpangilio wa mawazo: daftari, ratiba ya simu, mazoezi ya kusubiri zamu ya kusema.

Na wenye dimensia, yaani akili inayofifia, hasa uzeeni? Kuna atakayesema haina dawa, basi tiba ya nini? Jibu liko ng'ambo ya mpaka. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, wazee 34 wenye dimensia walipitia vikao 14 vya kuchangamsha akili kwa vikundi, vilivyorekebishwa vilingane na maisha ya Kitanzania. Ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha uwezo wao wa kufikiri ukiimarika na wasiwasi ukipungua. Ni kundi dogo, na ugonjwa haukuondoka. Lakini kama tiba ingestahili kwa wanaopona kabisa tu, tungefunga kliniki zote za sukari.

Pingamizi zito ni la watu na fedha. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache, na wengi wako Nairobi. Sipuuzi hilo, wala sidai tuache kupima presha ili tuwaajiri. Ila si kila hatua humhitaji mtaalamu. Huko Toronto, mwaka 2001, Aura Kagan na wenzake walifundisha watu wa kujitolea namna ya kuzungumza na mwenye afasia: swali moja kwa wakati, neno kuu liandikwe, picha itumike, jibu lihakikishwe. Waliofundishwa waliwafanya wagonjwa wawasiliane vizuri zaidi kuliko wasiofundishwa. Sisi tuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, waliozinduliwa Septemba 2023 na kupewa mikoba yenye vipima presha. Tayari wanaingia nyumba za wagonjwa hao. Mtaalamu mmoja katika kila hospitali ya rufaa ya kaunti angeweza kuwafundisha, huku akishughulikia mwenyewe kesi ngumu.

Tena afundishe na kupima kwa Kikuyu, Kimeru na Kiembu. Kipimo mashuhuri cha kutaja picha kilichotungwa Boston kina nyumba ya theluji ya iglu na mkate wa pretzel. Mkulima wa Mukurwe-ini akishindwa kuvitaja hatujapima ubongo wake. Mwaka 1895 Mfaransa Albert Pitres aliona kwamba kwa kawaida lugha aliyoizoea zaidi mgonjwa ndiyo hutangulia kurudi. Kumtibu bibi kwa Kiingereza ni kumgongea mlango asioutumia.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Haki hiyo huhitaji fedha: bajeti za kaunti hufikishwa katika mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30, na umma hualikwa kutoa maoni. Vikao hivyo vikiitishwa, nendeni mdai nafasi hiyo moja ya mtaalamu wa usemi. Mwende na mzee mwenyewe, na mwenyekiti ampe muda wa kumaliza sentensi yake.