Mvulana wa Kiislamu na hekalu la Rameswaram

MPENZI msomaji, huenda umepita mara nyingi nje ya hekalu la Wahindu hapa mjini, ukasikia kengele ikilia ndani, ukaenda zako. Leo nakuomba tuingie pamoja katika hekalu moja la kale huko India kwenyewe, na atakayetuongoza ni mtoto ambaye hakuwa Mhindu hata kidogo.

(Tusichanganye maneno, maana wengi wetu huchanganya. Mhindi ni mtu wa India, awe wa dini yoyote ile. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu.)

Mtoto huyo ni A.P.J. Abdul Kalam, aliyezaliwa mwaka wa 1931 katika mji wa Rameswaram, kisiwani Pamban, kusini kabisa mwa India. Alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa makombora, na kuanzia 2002 hadi 2007 akawa Rais wa nchi hiyo. Kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka wa 1999, kinaanzia hapo kisiwani, na hekalu halikosi.

Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa Msikiti. Kutoka hapo hadi hekaluni ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Nalo si hekalu dogo, msomaji wangu! Ushoroba wake wa nje una nguzo za mawe zaidi ya 1,000 zilizopangwa safu kwa safu, hata ukisimama upande mmja huoni vizuri aliye upande wa pili. Wahindu husimulia kwamba Rama, akitoka vitani Lanka, alitaka kumwabudu mungu Shiva mahali hapo. Akamtuma Hanuman kaskazini milimani akalete jiwe la ibada. Hanuman alipokawia, Sita, mkewe Rama, akafinyanga lake kwa mchanga wa pwani. Hanuman alifika baadaye na jiwe lake, akakuta kazi imekwisha. Ili asivunjike moyo, Rama akaagiza lake ndilo liabudiwe kwanza, na hadi leo ndivyo ifanywavyo.

Mahujaji hutoka kila pembe ya India. Kwanza hujitosa baharini, kisha huingia hekaluni nguo zikiwachuruzika maji, wakapita visima 22, kimoja baada ya kingine. Kila kisimani wapo watu wenye ndoo, wanateka maji na kuwamwagia kichwani. Hebu fikiria mtoto akiyatazama hayo kila siku ya Mungu!

Lakini Kalam hakuwa mtazamaji tu. Babake alijenga mashua ya kuwavusha mahujaji kati ya Rameswaram na Dhanushkodi. Na kila mwaka, sherehe ya harusi ya Rama na Sita ilipowadia, ni jamaa hiyo ya Kiislamu iliyotayarisha mashua zenye jukwaa maalum la kubebea sanamu kutoka hekaluni hadi katikati ya bwawa lililokuwa karibu na nyumba yao. Jioni babake alimpeleka msikitini kuswali. Usiku mama na nyanya waliwasimulia watoto visa vya Rama pamoja na maisha ya Mtume. Kuhani mkuu wa hekalu, Lakshmana Sastry, alikuwa sahibu mkubwa wa babake, na wazee hao wawili waliketi wakizungumza mambo ya Mungu.

Sasa sikiliza yaliyotokea shuleni. Kalam akiwa darasa la tano, alikaa dawati la mbele, kofia kichwani, kando ya mwanawe kuhani huyo, aliyevaa uzi mtakatifu wa Kihindu. Akaja mwalimu mgeni. Hakuweza kuvumilia mtoto wa kuhani kukaa na Mwislamu, akamwamuru Kalam aende nyuma kabisa. Kalam akaenda. Alichokumbuka uzeeni si aibu yake mwenyewe, bali ni rafikiye aliyebaki mbele akilia.

Watoto wakawaambia wazazi. Ungedhani mzee wa Kiislamu ndiye angekwenda kulalamika, sivyo? Ni kuhani aliyemwita mwalimu, akamkemea mbele ya watoto hao kwa kutia sumu ya ubaguzi katika nyoyo zao: aombe radhi, la sivyo aache shule na kisiwa pia. Mwalimu akajuta, na Kalam anasema tangu hapo alibadilika.

Usidhani basi kisiwa kizima kilikuwa hivyo. Mwalimu wake wa sayansi, Mhindu wa tabaka la makuhani, alimwalika nyumbani kula. Mkewe akashtuka: Mwislamu ndani ya jiko lake lililotakaswa! Akakataa kumpakulia. Mwalimu hakugombana naye. Alimpakulia mtoto kwa mkono wake, akaketi kando yake, wakala, huku mama akichungulia nyuma ya mlango wa jikoni. Wakati wa kuagana, mwalimu akamwalika tena wiki iliyofuata. Kijana akasitasita, kama ambavyo mimi na wewe tungesitasita, lakini akaenda.

Safari hiyo mama mwenyewe alimwingiza jikoni, akampakulia.