Vidonge vya vitamini na saratani: halali ya ganda haitoshi

Swali tunaloletewa mara nyingi kuhusu vidonge vya virutubisho, vya madukani na vile jamaa wanavyotuletea kutoka Omani na Uingereza, ni hili: ganda lake ni jelatini ya mnyama gani? Ni swali la haki. Lakini kuna jengine linalostahiki kutangulia: je, kilichomo ndani kinadhuru?

Mwaka 1994 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 29,133 wavutaji sigara. Waliopewa betakarotini, ile rangi ya karoti na maembe ambayo mwili huigeuza vitamini A, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Uchunguzi mwengine wa Marekani, wa wavutaji na waliofanya kazi na asbestosi, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake. Huko ongezeko lilikuwa asilimia 28. Na mwaka 2011 ikadhihirika kuwa wanaume waliomeza vitamini E peke yake, yuniti 400 kwa siku, walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Na tafiti zote hizo zilianzishwa kwa matumaini ya kuikinga saratani!

Embe halina lawama hapa. Wale wa Finland walimeza miligramu 20 kila siku, kwa miaka mitano hadi minane, kiasi kinachozidi mara kadhaa kile mtu anachopata kwenye chakula chake.

Kisharia, kitu kuwa halali kwa asili yake hakuondoi hukumu ya madhara. Daktari mwaminifu akimwambia mtu kuwa kidonge fulani kinamdhuru, haijuzu kwake kukitumia, hata kama ganda ni la ng'ombe aliyechinjwa kwa Bismillahi. Mvutaji sigara (na hukumu ya sigara yenyewe inajulikana) asiguse betakarotini. Mjamzito asiache foliki asidi na madini ya chuma aliyopewa kliniki. Tahadhari hii haimhusu.

Ama muuzaji anayenadi kopo lake kuwa linatibu saratani, bila ya ushahidi, huo ni ughushi, na pesa yake ina shubha. Mgonjwa aliyekwishaanza matibabu hospitali asiyakatishe kwa maneno hayo, na amwambie daktari wake kila anachomeza, hata kama ni cha asili.

Wallaahu a'lam.