Wimbo Kwanza, Kitabu Baadaye: Kuchagua Zana za Kufundishia Kinanda cha Mdomo

Wanachuo wanaojiandaa kufundisha muziki katika shule za msingi aghalabu huniuliza swali moja: "Mwalimu, tununue kitabu gani?" Swali ni jema, ila limekuja kabla ya zamu yake. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini naamini hivyo, kwa mfano wa kinanda cha mdomo, ala ndogo ikaayo mfukoni.

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule isiyo mbali na Tunduma, alikuwa na kinanda cha namna hiyo pamoja na kitabu cha Kiingereza cha kujifunzia muziki wa bluzi wa Marekani. Alinakili ubaoni tarakimu na mishale ya ukurasa wa kwanza, akapuliza, kisha akawataka watoto wamfuate. Kinanda kilikuwa kimoja, na wimbo hakuna aliyepata kuusikia. Kipindi kilikwisha bila sauti ya maana. Katika andalio lake la somo, mahali pa tathmini, aliandika: "Wanafunzi hawana kipaji cha muziki." Wakati wa mapumziko nilisimama uwanjani nikawasikiliza watoto wale wale wakiimba kwa sauti mbili zilizopatana, bila mwalimu.

Sentensi ile ndiyo iliyonishikisha kalamu. Zana iliyochaguliwa vibaya haiishii kupoteza kipindi. Humfanya mwalimu amhukumu mtoto kwa kosa lisilo lake.

Hebu tuitazame ala yenyewe. Kinanda cha bluzi kina matundu 10, na kila tundu hutoa sauti moja kwa kupuliza na nyingine kwa kuvuta pumzi. Katika kinanda cha C, ngazi kamili ya sol-fa hupatikana kuanzia tundu la 4: puliza 4 upate do, vuta 4 upate re, puliza 5 mi, vuta 5 fa, puliza 6 so, vuta 6 la, kisha vuta 7 ti, na puliza 7 do ya juu. Chini ya tundu la 4 ngazi ina mapengo: fa na la hazimo. Waundaji walipanga hivyo ili mpigaji apulizapo matundu ya chini apate do, mi na so kwa pamoja, na avutapo apate so, ti na re, zimsaidie kusindikiza nyimbo.

Kutokana na maelezo hayo tunapata kipimo cha kwanza: je, wimbo uliomo katika zana yako unaenea katika ala uliyo nayo? Wimbo unaoshuka kwenye la chini ya do utamkwamisha mtoto katika tundu la 4, naye atadhani amekosea. Mwalimu hana budi kuuimba wimbo kwa sol-fa na kuupima kabla ya kuuandika ubaoni.

Kipimo cha pili: je, zana na ala ni za jamaa moja? Madukani huuzwa pia vinanda vyenye safu mbili za matundu, ambavyo kila sauti yake hutolewa na ndimi mbili za chuma zilizoachana kidogo, hata sauti ikatetemeka. Ala hiyo ni nzuri kwa nyimbo, lakini matundu yake ya kupuliza na ya kuvuta yametengana. Ukiifundisha kwa kitabu cha kinanda cha matundu 10, kila tarakimu itakuwa ya uongo.

Kipimo cha tatu: je, zana inakwenda kwa hatua za mtoto? Vitabu vingi vya bluzi hufika upesi kwenye kupinda sauti, yaani kuishusha kwa kubadili umbo la kinywa wakati wa kuvuta. Jambo hilo humtaka hata mtu mzima majuma mengi ya mazoezi. Kitabu kinachoanzia hapo hakifai darasa la nne, hata kiwe na picha za kupendeza namna gani.

Kipimo cha nne ni afya. Ala iingiayo kinywani haizungushwi darasa zima. Kama vinanda ni vichache, yafaa mwalimu afarague: kila mtoto achore matundu 10 juu ya kipande cha boksi, ayape namba, kisha aonyeshe kwa kidole na kuvuta au kutoa pumzi huku akiimba sol-fa, mwalimu akipiga peke yake. Zana hii haigharimu senti. Nayo humfundisha mtoto jambo ambalo kitabu hakiwezi, yaani kusikia sauti moyoni kabla ya kuipiga.

Huenda mtu akauliza: kwa nini tuhangaike na ala ya kigeni ilhali ngoma zetu zipo? Hoja hii ina uzito. Palipo na ngoma na mjuzi wake, tuanzie hapo. Lakini historia ya bluzi yenyewe ina funzo. Kinanda hiki kilienezwa na viwanda vya Ujerumani. Kampuni ya Hohner ilianza kukiunda mjini Trossingen mwaka 1857. Weusi wa Marekani walipokipata hawakukipiga kama kilivyokusudiwa. Waliihamisha nyumba ya wimbo kutoka do kwenda so, wakategemea zaidi kuvuta kuliko kupuliza, wakazipinda sauti mpaka ala ikalia kama koo zao. Hivyo ndivyo walivyopiga akina Sonny Terry na Little Walter, ambaye mwaka 1952 alirekodi "Juke", wimbo usio na maneno ambao ulipata sifa kubwa. Hawakuyaacha masikio yao ili waifuate ala. Waliilazimisha ala iyafuate masikio yao.

Basi nasi tufanye hivyo hivyo. Mtoto wa Tunduma anazo nyimbo tele: za kwaya, za mchakamchaka, za michezo, na za Kinyamwanga, lugha isemwayo pande zote mbili za mpaka wetu na Zambia. Kusanya tano, zipime kwa sol-fa, uchague mbili zinazoenea kati ya tundu la 4 na la 7. Hizo ndizo kitabu chako cha kwanza. Rekodi za bluzi, ambazo leo zaweza kusikilizwa hata kwa simu, zije baadaye, mtoto akiwa na sauti yake mwenyewe ya kulinganisha. Kitabu cha Kiingereza kikae mezani kwa mwalimu, kimfae yeye katika maandalizi.

Mtaala wa mwaka 2023 umeipa sanaa nafasi yake katika somo la Sanaa na Michezo. Nafasi hiyo itajazwa na mwalimu ajuaye kuchagua. Siku utakapoishika kalamu kuandika kwamba mtoto hana kipaji, iweke chini kwanza, utoke nje wakati wa mapumziko, usikilize.