Kanisa lilifungwa Geita; kwa damu ya bibi kikongwe tulifunga nini?



Ndugu msomaji, waamini wa Geita hawajaisahau Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka 2023. Ilikuwa Februari 26. Kijana mmoja aliingia ndani ya Kanisa Kuu la Jimbo, akavunja sanamu na kuharibu vitu vitakatifu. Polisi walimkamata. Askofu Flavian Kassala akalifunga kanisa, akatangaza kipindi cha toba na malipizi, na ibada hazikurudi mle ndani hadi Machi 18.

Siku zile wengi waliuliza swali moja, na pengine wewe pia uliuliza. Kwa nini tutubu sisi? Aliyevunja anajulikana, yuko mikononi mwa dola, sisi tulikuwa tumelala majumbani kwetu. Kufunga na kusali kwa ajili ya kosa la mtu mwingine kuna maana gani?

Maana ipo, tena imeandikwa katika Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1211. Mahali patakatifu pakitendewa jambo zito la kufuru na waamini wakakwazika, ibada zinasimama hadi uharibifu urekebishwe kwa ibada ya toba. Itazame vizuri kanuni hiyo. Haisemi tusubiri mpaka mkosaji alie machozi. Haisemi fundi akishamaliza kuziba nyufa basi yamekwisha. Inataka jumuiya yenyewe ipige magoti, kwa sababu kilichoharibiwa kilikuwa chao wote. Asiyevunja anashiriki kujenga. Kwa akili ya kawaida ya kudaiana hilo ni gumu kumeza, lakini ndivyo Kristo mwenyewe alivyofanya kwa ajili yetu, na bila hilo hatuna Injili ya kuhubiri.

Sasa twende mbele kidogo. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto sura ya 6, anawafundisha waamini kwamba miili yao ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kama tunaamini hivyo, kanda yetu hii, kuanzia Shinyanga hadi Geita, imeshuhudia mahekalu mengi yakibomolewa kwa mapanga, na sikumbuki milango mingapi ya makanisa ilifungwa kwa sababu hiyo.

Unajua mambo yanavyokwenda. Mtoto anashikwa na degedege usiku, asubuhi amefariki. Au ng'ombe wanakufa mfululizo. Au mtu ametia mtaji wote kwenye duara, miezi sita wanachimba, jiwe halitoi kitu. Familia inakwenda kwa mpiga ramli. Ramli, ndugu msomaji, haijawahi kutaja malaria. Haijawahi kusema kwamba mkanda wa dhahabu umepita upande mwingine wa mlima. Ramli inataja mtu, na mtu huyo kwa kawaida hana wa kumtetea: bibi mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi. Usukumani kuni ni haba, mama zetu wamepika miaka hamsini kwa mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe katika vibanda visivyo na dirisha. Tumewafanya watupikie, kisha alama ya jiko tukaigeuza kuwa hati ya kifo. Na mara nyingine ukichunguza zaidi unakuta hata uchawi si hoja. Bibi ana shamba, na kuna mtu wa ukoo anayelitaka.

Hapo hatujawataja ndugu zetu wenye ualbino. Desemba 2008 kijana wa miaka 14 aliuawa Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na sasa iko Geita. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa mauaji hayo. Mwaka huohuo Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi na kupigisha kura za siri kuwataja wahusika. Hata hivyo, Februari 2015, kule Chato, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa kutoka mikononi mwa mama yake, mama akakatwa kwa panga, na mtoto akapatikana akiwa maiti. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga ikawa kimbilio la watoto ambao hawakuwa na usalama vijijini kwao. Mwaka 2024 mtoto mwingine mwenye ualbino aliuawa Muleba, Kagera, na miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo padre. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, na shauri hilo si la kuamuliwa gazetini. Lakini nikiandika ukurasa mzima juu ya dhambi za Usukumani na kuliruka jambo hilo kwa kuwa linagusa kanzu kama yangu, utakuwa na haki ya kulikunja gazeti hili na kufungia vitumbua.

Mahakama ilifanya kazi yake pale ilipoweza. Swali langu linakuhusu wewe na mimi. Bibi alipouawa kitongoji cha pili, jumuiya yetu ndogo ndogo ilifunga siku ngapi? Nani alisimama Jumapili iliyofuata akasema kwamba hapa kwetu hekalu limenajisiwa, tutubu wote kwanza? Mara nyingi ilichangwa rambirambi, likaimbwa pambio, na watu wakarudi makwao wakinong'ona kwamba hata hivyo, yule bibi alikuwa na mambo yake. Mnong'ono ule ni sehemu ya panga. Anayenong'ona hakushika mpini, ni kweli, lakini amelinoa.

Baada ya maziko ndipo tunapofika sisi wahubiri na neno letu tunalolipenda: sameheni. Tunalisema upesi mno. Binti hajamaliza kufua damu kwenye kitenge cha mama yake, na tayari mzee wa kanisa amemkalisha chini kumweleza saba mara sabini. Kusamehe ni amri ya Bwana, siipunguzi hata nukta. Lakini aliyeamriwa kusamehe ni aliyeumizwa, na sisi tusioumizwa hatuna mamlaka ya kumpangia tarehe. Tena tunachanganya mambo matatu. Kusamehe ni kuachilia kisasi, na hilo mtu anaweza kulifanya peke yake mbele ya Mungu, hata kama mkosaji hajulikani. Kupatana kunahitaji watu wawili, na ukweli ukiwa mezani. Haki ni jambo la umma, na msamaha wa binti hauifuti kesi iliyopo polisi.

Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi mwezi Mei 1981. Desemba 1983 alikwenda gerezani Roma, akaketi na kijana aliyempiga, wakazungumza kama mtu na ndugu yake. Alikuwa amekwisha kumsamehe hadharani siku chache tu baada ya shambulio. Hata hivyo kijana yule aliendelea kutumikia kifungo chake Italia hadi mwaka 2000, rais wa nchi ile alipomsamehe. Papa hakuona mgongano wowote hapo. Kwa nini sisi tunauona? Mara ngapi kesi ya ubakaji au ya kujeruhi imemalizwa kifamilia, kwa ng'ombe wawili na sala ya kufunga kikao, na mzee mmoja akasimama kusema kwamba sisi ni Wakristo, tunasameheana? Aliyeumizwa hakuulizwa. Ng'ombe wakaenda kwa baba yake.

Wasukuma wana utaratibu wao wa dagashida, mkutano wa jamii ambao unaweza kumtenga mkosaji hadi alipe faini na kurudi kundini. Una kasoro zake, na umewahi kuwaelemea wanyonge. Lakini una kitu ambacho msamaha wetu wa haraka haraka umekipoteza: kurudi kuna njia, na njia ina gharama. Mathayo sura ya 18 ina vyote viwili, kumtenga asiyetaka kusikia, na kusamehe bila kuhesabu. Sisi tunapenda kusoma nusu.

Nisimalizie kwa wauaji tu, maana wengi wenu mnaosoma hapa hamjaua mtu, na mngelikunja gazeti mkijiona salama. Twende kwenye dhahabu.

Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, kokote kwenye wachimbaji wadogo, dhuluma kubwa haina panga. Vijana wanaingia shimoni kwa ahadi ya mgao. Hawana mshahara, wanakula ugali wa mwenye duara na kusubiri jiwe litoe. Jiwe likitoa, mifuko inapelekwa karasha usiku, inasagwa, inaoshwa, na asubuhi wanaambiwa gramu zilizopatikana ni chache, gharama zimezidi. Hakuna risiti wala shahidi. Mwaka 2015 kule Nyangarata, Kahama, wachimbaji walifukiwa na watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Watu wanaohatarisha uhai kiasi hicho ndio tunaowadhulumu kwenye mzani.

Kisha Jumapili mwenye duara anakuja kanisani. Anatoa bati za kigango kizima, anapigiwa makofi, paroko anamtaja kwa jina. Akienda kwenye kitubio anaungama kwamba amekuwa na hasira na amekosa sala za jioni.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inafundisha kwamba haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Hilo ni la tangu zamani. Zakayo alilielewa bila kufundishwa katekesi: kabla Bwana hajamaliza kula nyumbani kwake, alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya kurudisha mara nne. Hakusema atajenga sinagogi. Na katika Mahubiri ya Mlimani Bwana anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane kwanza na ndugu yake. Kwa lugha ya Geita, bati zisubiri, lipa mgao.

Huwa naulizwa swali na watu wenye nia njema: Padre, niliyemdhulumu simpati tena, alihamia Chunya, au alikufa. Jibu la wanateolojia wa maadili ni la kale na halina utata. Kama amefariki, ana warithi, mke na watoto, nao si vigumu kuwapata kwa anayetaka kweli kuwapata, siku hizi za simu. Kama umetafuta kwa dhati na hakuna dalili, fedha ile bado si yako. Itoke, iende kwa maskini, na uitoe kwa nia ya yule mwenye haki, si kwa jina lako wala kwa picha ya kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la parokia. Kama huwezi kulipa zote, anza na kiasi, na umwambie mdai wako lini utaleta nyingine. Na si lazima ipitie ofisini kwa paroko. Mjane wa mchimbaji aliyefukiwa, anayeuza dagaa pale sokoni kwenu, unamfahamu tayari.